Rafiki, Msiri na Mwandani: Je, Rafiki wa Kweli ni Nani?

 

Mwalimu mlezi wa chama alipogawa mada za mwaka huu, wenzangu walizikimbilia zile tamu tamu: ufisadi, mazingira, methali na matumizi yake. Mimi nilichelewa, nikabaki na karatasi iliyoandikwa "Urafiki wa kweli kwa mtazamo wa Kikristo". Nikacheka kimoyomoyo. Nilidhani ni kazi ya saa moja tu. Nitamtaja Daudi na Yonathani, nitatia methali mbili tatu, basi nimemaliza, niende uwanjani. Kumbe! Nimekaa na karatasi hiyo wiki tano. Kuna jambo nililolifanya mwaka jana nikiwa kidato cha tatu, na kila nikishika kalamu linakuja kusimama mbele yangu kama mdai. Mwishowe nimeona heri nilieleze. Wenzetu Waislamu waniwie radhi nikiegemea sana Biblia, maana ndiyo mada niliyopewa, ingawa nadhani hata wao watajiona humu.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili wala si ibada ya Jumapili. Lugha yetu haina uhaba wa majina ya rafiki. Kuna rafiki, sahibu, mwandani, msiri, mwenzi, na huko mitaani tunasema beshte. Rafiki na sahibu yametujia kutoka Kiarabu. Rafiki kwa asili yake ni mwenzako wa safari, yule mnayeandamana njiani. Na safari za kale hazikuwa za matatu ya kwenda Eldoret na kurudi. Zilikuwa za miguu na za ngamia, siku nenda siku rudi, penye kiu na wanyang'anyi, na ukimkosea mwenzako njiani huenda msifike nyote wawili. Mwandani tumeliunda wenyewe kutokana na ndani. Msiri naye ni yule unayempa siri akaihifadhi.

Nikiwa kidato cha pili niliamini kwamba maneno haya yote ni mamoja, ukichoka na hili unatumia lile ili mwalimu akupe alama za msamiati. Leo nasema sivyo. Mtu anaweza kuwa msiri wako kamili na asiwe rafiki yako hata chembe. Najua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mtu huyo.

Kabla sijafika huko, nitasema kidogo kuhusu nyumbani. Sisi tunaishi Matisi, hapa Kitale, lakini babu yangu yuko Bungoma. Wabukusu tunamwita babu kuka. Likizo ya Aprili nilimwendea na karatasi yangu nikamuuliza, "Kuka, rafiki wa kweli ni nani?" Akaniuliza kwanza kama nataka habari za omusale au za bakoki. Kwa wasiojua, omusale ni rafiki, yule uliyemchagua mwenyewe. Bakoki ni wale mliotahiriwa wakati mmoja, na kwetu jambo hilo hufanywa Agosti ya miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024. Bakoki huwachagui, unapewa, kama vile hukuchagua ndugu zako. Kuka alisema bakoki wanaweza kuambiana lolote usoni, hata matusi ya mzaha, na hakuna wa kununa, kwa kuwa hata ukinuna utakwenda wapi? Wewe ni wao tu mpaka kaburini. "Lakini omusale," akasema, "ukimwambia ukweli anaweza kukuacha. Ndiyo sababu huyo ni kazi." Kisha akaniomba nimletee miwani yake, mazungumzo yakaishia hapo. Mzee hapendi maneno mengi.

Haya, sasa nieleze.

Nina rafiki ambaye sitamtaja jina. Mnamjua baadhi yenu, na yeye mwenyewe amekubali niandike mradi nisimtaje. Tumekuwa tukienda shule pamoja na kurudi pamoja tangu kidato cha kwanza, kwa mguu, mvua na jua. Kwa hiyo yeye ni rafiki kwa maana ile ya kwanza kabisa ya mwenzangu wa njiani. Mama yake anauza mboga sokoni Kitale: sukuma wiki, nyanya, vitunguu. Huamka saa kumi za alfajiri. Mwanzoni mwa muhula wa pili mwaka jana alimpa mwanawe shilingi 9,500 za karo na chakula cha mchana, azipeleke benki mjini, kwa sababu yeye hangeweza kuiacha meza yake sokoni siku hiyo.

Pesa hazikufika benki. Karibu na kinu cha kusaga unga kuna mtu ambaye alikuwa akiwawekea vijana dau za mpira kwa simu yake. Sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini simu haiulizi ni kidole cha nani kimeibonyeza. Rafiki yangu alikuwa amepiga hesabu kwamba 4,500 zitazaa 20,000, amlipie mama karo ya mwaka mzima na bado amnunulie toroli ya kubebea mboga. Timu nne tu, bana. Tatu zilishinda. Ya nne ilitoka sare.

Aliniambia Jumatatu yake tukienda shule. Alikuwa akilia, nami sijawahi kumwona akilia. Akaniambia, "Wewe ndiye msiri wangu. Usimwambie mtu." Nikaapa. Na nitasema ukweli, nilijisikia vizuri. Nilijiona mtu mkubwa mwenye kubebeshwa jambo zito. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nilikuwa kata.

Kesho yake jioni nilitumwa sokoni, nikapita kwenye meza ya mama yake. Alinipa nyanya mbili za bure kama kawaida yake. Halafu akauliza, "Mwanangu, ile karo ilifika shule?"

Nikasema, "Ilifika, Mama."

Nikaondoka na nyanya zangu.

Hebu niache hadithi hapo kwanza, twende kwenye Biblia, maana najua mwalimu ataniuliza mada imeenda wapi.

Kila anayeandika kuhusu urafiki humwanza Yonathani mwana wa Sauli, nami sitamkwepa. Habari zake ziko katika kitabu cha kwanza cha Samweli, kuanzia sura ya 18. Alimpenda Daudi, akamvua mwenyewe joho lake akampa, pamoja na upanga, upinde na mshipi. Hapo ndipo wengi wetu huishia, kwenye zawadi. Ukweli ni kwamba zawadi ndiyo sehemu rahisi ya habari hiyo. Soma mbele. Sauli alipotaka kumwua Daudi, Yonathani alifanya mambo mawili. Alimwendea Daudi akamweleza wazi kwamba baba yangu anatafuta kukuua. Halafu alimwendea baba yake, mfalme, akamwambia wazi kwamba unakosea. Mara ya pili alipomtetea Daudi mezani, Sauli alimrushia mkuki mwanawe wa kumzaa. Yonathani ndiye aliyekuwa mrithi wa kiti hicho cha ufalme, nawe fikiria mwenyewe alikuwa anapoteza nini. Ndiyo, aliweka siri, ile ya mishale shambani, lakini ilikuwa siri ya kumwokoa mtu asiuawe, haikuwa ya kumfunika mtu katika kosa lake. Tofauti hiyo niliielewa nikiwa nimechelewa.

Kuna mwingine ambaye hahubiriwi sana, nami nilimpata kwa bahati nikifungua kurasa. Anaitwa Yonadabu, katika 2 Samweli sura ya 13. Biblia inamwita waziwazi kwamba alikuwa rafiki ya Amnoni, mwana wa Daudi, na inasema alikuwa mtu mwerevu sana. Amnoni alikuwa akikonda kwa kumtamani dada yake wa baba mmoja, Tamari. Yonadabu akamwona anakonda, akamuuliza, akaambiwa siri. Mpaka hapo si ni rafiki mzuri? Ana macho ya kuona kwamba mwenzake ana shida, ana masikio ya kusikiliza, na hakumtangaza. Lakini badala ya kumwambia acha, alimfundisha hila ya kujifanya mgonjwa ili Tamari aletwe chumbani. Amnoni akamtendea Tamari unyama, na baada ya miaka miwili akauawa na Absalomu kwa sababu hiyo.

Sasa kilichonitia baridi ni mwisho wake. Habari zilipomfikia Daudi kwamba wana wote wa mfalme wameuawa, nani alisimama na kusema tulia bwana wangu, ni Amnoni peke yake aliyekufa, kwa kuwa Absalomu alikusudia jambo hilo tangu siku ile? Yonadabu. Yaani alijua! Miaka miwili mizima alijua kwamba rafiki yake anawindwa, naye akakaa kimya akila na kunywa. Nilipofika hapo nilifunga Biblia nikatoka nje.

Na Yesu je? Katika Injili ya Yohana sura ya 15, usiku wa mwisho kabla hajakamatwa, anawaambia wanafunzi wake kwamba hatawaita tena watumwa bali rafiki. Tunaikumbuka zaidi ile sehemu ya mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, na ni sawa, hilo ndilo kubwa. Lakini anatoa na sababu ya kuwaita rafiki, nayo tunairuka: ni kwa kuwa amewaarifu yote aliyoyasikia kwa Baba yake. Mtumwa haambiwi, anaamriwa tu. Rafiki anaambiwa. Na katika hayo aliyowaambia usiku ule yalikuwemo machungu, kwamba mmoja wenu atanisaliti, na kwamba wewe Petro utanikana kabla jogoo hajawika. Hebu fikiria kumwambia rafiki yako jambo kama hilo mezani, mbele ya chakula. Mimi nilishindwa kumwambia mama mmoja muuza mboga kuhusu shilingi 4,500.

Sura hiyo ya Yohana ndiyo iliyolipa jina kanisa ambalo watu wengi wa hapa kwetu wamelelewa ndani yake, mimi nikiwemo. Ukipanda matatu kutoka Kitale kwenda Webuye unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, kisha unafika Lugulu, na hapo kuna hospitali na shule za Marafiki. Ndio hao watu wa Quaker. Shule ya Kamusinga inayotushinda katika kila kitu nayo ni yao. Nimeliona neno "Friends" kwenye vibao tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza kwa nini kanisa liitwe Marafiki. Si wangejiita Waaminifu, au Watakatifu, kama wengine?

Walianza Uingereza katika miaka ya 1650, kiongozi wao akiwa George Fox, aliyezaliwa mwaka 1624 na kufa 1691. Quaker lilikuwa jina la kejeli tu, maana yake watetemekaji. Wao wenyewe walijiita Marafiki, na zamani hizo walijiita pia Marafiki wa Kweli, kwa maana ya kuupenda ukweli. Walikataa kula kiapo mahakamani. Hoja yao ilikuwa kwamba ukiapa leo kuwa unasema kweli, unakubali kwamba siku nyingine unaruhusiwa kudanganya. Kwao ndiyo ilikuwa ndiyo tu, na siyo ilikuwa siyo. Wengi walifungwa gerezani kwa ajili ya hilo. Hata dukani walijulikana kwa kutaja bei moja, hakuna kupunguziana, kwa sababu kutaja mia ilhali utakubali sitini ni uongo. (Mawazo hayo sijui yangefanyaje katika soko la Kitale. Mama wa rafiki yangu alicheka sana nilipomweleza.)

Waliletwa kwetu na vijana watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, waliofika Kaimosi mwaka 1902. Kutoka hapo mbegu ilisambaa Vihiga, Kakamega, Bungoma, mpaka huku Trans Nzoia, na leo Kenya ndiyo nchi yenye watu wa Quaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, kuwapita hata Waingereza walioanzisha. Sisemi kwamba kwa hiyo sisi ni wasema kweli kuwashinda Waingereza! Mimi mwenyewe nilibatizwa jina hilo la Marafiki kwa namna yangu, nikadanganya mchana kweupe mbele ya meza ya nyanya.

Ukitaka kuona jambo hili katika uzito wake, vuka mpaka wa Suam uingie Uganda. Februari 1977, maaskofu wa Kanisa la Anglikana la Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kumweleza waziwazi uovu uliokuwa ukitendwa na askari wake. Kiongozi wao alikuwa Askofu Mkuu Janani Luwum, mzaliwa wa Mucwini, Kitgum. Tarehe 16 mwezi huo waliitwa Kampala, kisha maaskofu wakaambiwa waende nyumbani, Luwum peke yake abaki. Askofu Festo Kivengere alikataa kwenda. Alisimama nje akimngoja rafiki yake atoke, mpaka askari wakamfukuza. Luwum aliuawa siku hiyo hiyo. Kivengere na mkewe Mera walikimbia kwa miguu milimani usiku mpaka Rwanda. Watu humkumbuka Luwum kwa ujasiri wake, na inafaa. Lakini mimi namfikiria sana yule aliyesimama nje ya mlango. Hakuweza kumsaidia kwa lolote. Alikuwa tu hataki kwenda nyumbani kana kwamba hajui.

Nalo hilo la kujua si la Uganda tu. Mama yangu husimulia habari za Januari 2008, baada ya uchaguzi, mimi nikiwa bado tumboni. Walikuwa wanaishi mahali pengine hapa Trans Nzoia, si Matisi. Walikuwa na majirani wawili wa kabila jingine, wote wawili watu wa kukopeshana chumvi. Usiku mmoja mmoja wao aligonga dirisha akanong'ona, "Ondokeni sasa hivi, msichukue kitu." Wakaondoka. Asubuhi nyumba ilikuwa jivu. Baadaye ilijulikana kwamba hata yule jirani wa pili alikuwa anajua. Hakuwachoma yeye, wala hakuwachukia. Alinyamaza tu. Mama anapofika hapo huwa hasemi kitu juu yake, anaendelea na habari za uwanja wa maonyesho wa Kitale walikokwenda kulala. Mwezi huo huo viongozi wa kanisa la Marafiki walikutana Kakamega kushauriana kuhusu amani, na baada yake watu wao walifanya kazi ya kuwaketisha pamoja majirani waliokosana. Nimewahi kumsikia mzee mmoja kanisani akisema jambo gumu zaidi lilikuwa kumfanya mtu akiri kwamba alijua.

Nirudi sasa kwenye meza ya nyanya.

Siku ile nilipomwambia mama yule kwamba karo imefika, rafiki yangu alikuwa bado ana shilingi 5,000, amezificha ndani ya kitabu cha Kemia. Mimi sikuzijua. Nilidhani zote zimekwenda. Jumamosi iliyofuata alizitoa akazipeleka kwa yule mtu wa simu, ili arudishe zile za kwanza. Ukweli ni kwamba kila mcheza kamari hucheza mara ya pili kwa ajili ya mara ya kwanza. Zote zikaenda.

Wiki tatu baadaye tulisomewa majina ya wenye madeni, yeye akarudishwa nyumbani. Hakwenda nyumbani. Alishinda mtoni siku mbili, na jioni tukawa tunakutana njiani turudi pamoja kana kwamba ametoka darasani. Siku ya tatu mama yake alikuja shuleni akiwa na mjomba wake. Karani akafungua daftari: hakuna kitu. Mama akasema haiwezekani, mwulizeni rafiki yake. Nikaitwa. Nilisimama pale ofisini nikiangalia viatu vyangu. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Si wewe uliniambia ilifika?" Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani kwa ajili ya kuja shule.

Alikopa tena kwenye chama cha akina mama, na nasikia zamu yake ya kupokea pesa za chama ikasogezwa nyuma.

Nilidhani rafiki yangu atakuwa amenishukuru kwa kutomtoa. Wacha! Hakunisemesha mwezi mzima. Nilikuwa nikienda shule peke yangu, naye upande wa pili wa barabara. Nilikasirika sana. Nilitunza siri yake, nikadanganya kwa ajili yake, nikaaibishwa ofisini, halafu ninuniwe mimi? Siku nilipomkabili alisema neno moja ambalo sijaweza kulijibu mpaka leo. Alisema, "Ungemwambia mama siku ile, zingebaki elfu tano."

Nikamwambia, "Si wewe uliniapisha?"

Akasema, "Ndiyo. Niliapisha nikiwa nalia."

Msomaji wangu, unaweza kusema hakunitendea haki, na mimi nilisema hivyo kwa wiki kadhaa. Kosa ni lake, pesa alizitoa yeye, mimi nahusika vipi? Lakini nikiweka hasira kando naona hesabu yake ni sawa. Katika watu wote wa Matisi, mimi peke yangu ndiye niliyejua wakati ule ambao bado kulikuwa na kitu cha kuokolewa. Kama ningemwambia mapema, "Mwendee mama leo, nitakusindikiza, usipomwambia kufikia Ijumaa nitamwambia mimi," angenikasirikia, pengine angeniacha kabisa. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Sikuwa nalinda siri yake, bali nilikuwa nalinda nafasi yangu kwake. Siku ile tungekosana, lakini elfu tano zingebaki.

Wapo watakaosema ninafundisha watu kuwa wambea na wachongezi. Mbeya hubeba neno kulipeleka pale litakapoumiza, tena humficha mwenyewe. Ninachosema mimi huanzia kwa mwenyewe, usoni, kama bakoki wa kuka. Na yako mambo ambayo hutakiwi kuyasema popote, kama umaskini wa mwenzako, ugonjwa wake, kilio chake cha usiku. Hayo yatunze mpaka kufa. Lakini siri ambayo inamla mwenye kuitoa, au inamla mtu mwingine aliyeamka saa kumi alfajiri, hiyo si ya kutunza.

Mwezi wa Oktoba nilikwenda kwa mama yake kuomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa hotuba kama ya mashindano ya shule. Nilimkuta uani anachagua maharagwe. Nilianza, akanisikiliza mpaka nusu, halafu akasukuma ungo upande wangu akasema, "Chagua huku unasema." Tukachagua. Rafiki yangu akatoka ndani, akasimama kidogo, kisha akavuta kigoda akaketi. Tulikula maharagwe hayo hayo. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe, lakini nilipoondoka alinipa nyanya mbili.

Likizo ya Novemba na Desemba tulivuna mahindi kwenye mashamba ya watu upande wa Kwanza, mimi na yeye, tukilipwa kwa siku. Tumemrudishia mama shilingi 6,200. Anaziandika kwenye kijidaftari. Zimebaki 3,300, na sehemu yangu humo najua mwenyewe ni ipi.

Juma lililopita nilimpa rafiki yangu makala haya ayasome kabla sijayapeleka kwa mwalimu. Aliyasoma tukitembea, akajikwaa mara mbili. Pale kwenye Yonadabu akaguna. Alipofika mwisho akanirudishia, akaniambia kuna mahali nimedanganya.

Nikamuuliza wapi.

Akasema, "Hukumwambia mama 'Ilifika' tu. Yeye aliniambia ulivyosema. Ulisema, 'Ilifika, Mama, hata risiti niliiona.'"

Ni kweli. Nilisema niliiona risiti.